Wa Saba Hana Kwao

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani linanisumbua. Wewe hujambo? Unakula?

Wimbo wako umefika redioni. Fundi viatu wa mlango wa pili alinijia mbio na redio mkononi, nami nikavimba kichwa mbele ya wateja mpaka ulipofika ubeti wa pili:

*Ndani yangu tuko saba,
sita wamjua baba,
wa saba hana kwao.*

Fundi viatu anasema saba ni siku za wiki, na ya saba ni ile asiyofungua kibanda. Hayo ni yake. Mimi nimesikia kwamba umenikana, tena hadharani. Nimekosa nini?

Gauni nililokutumia umelivaa?

Baba yako

20 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Goti lipumzishe, cherehani haitakimbia.

Sijakukana. Wimbo unasema mtu mmoja ana watu wengi ndani yake. Sita wangu unawajua: mkaidi, mcheshi, mwoga wa mende, anayeimba akiosha vyombo, anayelia kwa siri, na yule anayeiga unavyokohoa kabla ya kutaja bei.

Wa saba ndiye ambaye sijakuletea. Nilikwambia kazini walininyima ruhusa ya kuja kumzika mama. Baba, ruhusa sikuiomba. Niliogopa kuingia nyumba ile na yeye hayumo. Siku mliyomzika nilipanda jukwaani, nikaimba, nikawatania watu, wakacheka, nami nikacheka nao. Kicheko cha kweli. Tangu siku hiyo namwonea haya mtu huyo, na sikujua atapokelewa wapi. Nisamehe.

Gauni ni zuri, ila linanibana mabegani. Nilishindwa kukwambia.

Mwanao

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Fundi viatu ameniandikia kwamba barua yangu uliisoma, ukaitia kwenye droo ya vifungo, na hutaki kuulizwa.

Nina likizo mwezi wa nane. Usiponijibu nitaelewa, nitabaki huku.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepona, au nimelizoea.

Barua yako iliniudhi, sitakuficha. Nilikaa na hasira wiki nyingi, nikawa nawajibu wateja ovyo. Kilichonishinda ni shati moja.

Siku ya mazishi, asubuhi, waombolezaji walikuwa wamejaa sebuleni. Niliaga kwamba nakwenda kuazima viti. Nikaenda kibandani, nikajifungia, nikaanza kushona vifungo vya shati la mteja ambaye hata hakuwa na haraka nalo. Kwenye kifungo cha nne nikajisikia napiga mluzi. Mama yako hajafika kaburini, mimi napiga mluzi. Nilirudi na viti vinne, nikaketi, nikalia, na kilio hakikuwa cha kuigiza. Mluzi nao haukuwa wa kuigiza. Sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo kukukaripia nimeshindwa. Uliponidanganya uliniumiza, hilo lisemwe. Lakini huyo unayemwonea haya, mimi ninaye mwenzake, na tumeishi nyumba moja miaka yote hii.

Na la gauni, kosa ni langu. Kila mteja namwambia asimame nimpime, hata kama nilimpima mwaka jana, maana mwili hausubiri daftari. Wewe nikakushonea kwa kipimo cha ulipoondoka, ukiwa na miaka kumi na tisa. Sikutaka kuamini kwamba mabega yako yameendelea kukua bila mimi kuyaona.

Kitambaa kingine nimenunua, sijakikata. Njoo mwezi wa nane nikupime upya, mbele, nyuma na ubavuni. Na huyo wa saba mwambie kwao ni hapa.

Baba yako