Mlango wa Chumba cha Makaa

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumai kifua kimekuachia na wanao hawakusumbui kupita kiasi. Mimi ni mzima, ila masikio yananivuma; ndiyo kazi ya kuzamia yenyewe.

Barua yako niliipata. Unasema yule muuza nguo anaapa alimwona mumeo katika bandari nyingine, amefuga ndevu, na kwamba umewafukuza majirani waliokuja kulia. Unaniuliza kama tumeshaingia ndani ya meli iliyozama, maana ulinisihi nichukue kazi hii ili nikuhakikishie kuwa hayumo.

Tumeingia. Meli imelala ubavu, bomba lake la moshi limekatika. Tunachotakiwa kutoa ni shaba tu. Wenye meli hawana haja na kingine. Wiki nzima nilizungukazunguka kwenye vyumba vya abiria, nikijidai kazi imenibana. Nilikuwa naogopa, dada. Watia makaa kama shemeji hukaa chini kabisa.

Juzi msimamizi alinituma nikafungue mabomba ya boila. Mlango wa chumba cha makaa ulikuwa haufunguki. Meli ilipolala, rundo zima liliporomoka likauziba kwa ndani. Tukauvunja kwa nyundo. Wako watano nyuma yake.

Kwa sura nisingemjua. Nilimjua kwa mkanda wangu, ule alioazima siku ya harusi yenu akagoma kuurudisha, akisema kati ya mashemeji hakuna kudaiana. Matundu ya ziada niliyatoboa mwenyewe kwa msumari, huku nikimcheka kwa kiuno chake cha nyigu.

Watakaokuja kukuambia alikufa kishujaa, usiwasikilize. Alikuwa anachimba makaa kwa mikono ili atoke, basi. Nilimwomba msimamizi tumtoe hata yeye peke yake. Akasema hana amri hiyo, na nikimsumbua zaidi atatafuta mzamiaji mwingine. Keshokutwa mabaki yote yatalipuliwa kwa baruti ili meli nyingine zipate njia. Hakutakuwa na kaburi, dada. Nimelia mbele ya watu wazima wenzangu wala sikujali.

Usimngoje tena. Wasalimie wanao, na mama umwambie taratibu. Wewe sijui nikupe pole ya namna gani. Kabla sijavutwa juu nilimshika bega, nikamtajia jina lako humo ndani ya kofia yangu ya shaba ya kuzamia, nikijua fika hakuna anayesikia ila mimi.

Mdogo wako akupendaye.