Yule Bibi wa Maskati

Madungu, Chake Chake
Mfunguo Tano

Kwa dada yangu mpenzi Nihal,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na shemeji Masoud na watoto, na joto la huko Maskati liwe limeanza kupungua. Sisi huku hatujambo kwa rehema zake Mola. Mume wangu Hafidh yuko shamba kwa ajili ya karafuu, anarudi nyumbani amechoka lakini roho yake nyeupe. Ami Hamzah miguu bado inamsumbua, ila msikitini haachi kwenda. Bi Mwanapili kila nikikutana naye neno lake la kwanza ni kukuulizia wewe.

Barua yako aliyokuja nayo Bi Umkulthum, ndege zilipofunguliwa, niliipata. Nisamehe kwa kukaa nayo kimya. Umenipigia simu tangu hapo, nami nikakupa habari za mvua na za paka aliyezalia kabatini, nikijua fika kuwa siyo uliyotaka kuyasikia. Wewe uliniuliza jambo moja tu: kama Mama alikufa hajakuridhia. Hilo sikuweza kulijibu kwa simu, maana tukianza tu, tunalia sote, kisha mtandao unakatika. Basi nimeandika. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na Masoud awe karibu nawe.

Wewe unaijua jumuiya yetu ya Hisani ilivyokuwa kabla ya maradhi haya. Tangu Mama na Bi Mwanapili wa Pujini walipoianzisha, sisi bado wadogo, kazi yao ilikuwa kuingia nyumba za watu: kumfulia mgonjwa, kumpikia mzazi, kumkosha maiti wa kike, kukaa na mfiwa mpaka atie kitu kinywani. Na kila Alhamisi baada ya alasiri walikutana barazani kwetu wakagawana kazi. Ilipoingia korona na mikusanyiko ikapigwa marufuku, Bi Mwanapili alitoa rai kuwa Hisani ifungwe mpaka Mungu atakapofungua. Mama alikataa kabisa. Alisema haiwezekani maradhi yaje ndiyo wauguzaji wakalale. Mimi nikasema, kwa mzaha tu, kuwa watu wa maofisini siku hizi wanakutana ndani ya simu. Mama akaniangalia, akaniambia niilete hiyo simu.

Mkutano wa kwanza salamu zilikula karibu muda wote, maana kila mmoja alitaka kumsalimia kila mmoja kwa jina na kumuulizia wa nyumbani kwake. Bi Mwanapili tulimwona kipaji cha uso tu, na nyuma yake jogoo aliyewika kila alipotaka kusema. Wengine walijifukiza udi na kuvaa nguo za kutokea, kama kwamba harufu itafika. Tulipoomba Fatiha, kila mtu aliimaliza kwa wakati wake, amina zikawa zinaanguka mojamoja kama matone ya paa baada ya mvua. Lakini kazi ilikwenda. Chakula kilipikwa nyumbani, kikaachwa mlangoni kwa mgonjwa. Wasiokuwa na mtu walipigiwa simu.

Aliyetaka uingizwe wewe ni Bi Mwanapili. Alisema simu inayofika Pujini haishindwi kufika Maskati. Nadhani alikuwa na lake moyoni. Yeye ndiye aliyeumia kuliko wote Mama aliposusa harusi yako, akisema ukoo wetu hauozeshi kwa mtoto wa mkulima wa Pujini, utadhani yale mashamba ya babu bado yetu. Bi Mwanapili naye ni wa Pujini, na alikuwa amekaa kitako pembeni ya Mama neno hilo liliposemwa. Alilimeza. Ami Hamzah akasimama walii, ukaolewa, ukaenda zako, na tangu hapo Mama akipokea salamu yako kwenye simu anaijibu kisha ananipa mimi.

Siku uliyoingia nakumbuka ulivaa mtandio wa kijani na ulikuwa umekaa wima kama mwari. Ulimwamkia Mama, naye akakuitikia vizuri, akakutazama, kisha akakuuliza, "Watoka kwa nani, mwanangu?"

Ulimwambia, "Mimi Nihal, Mama."

Akatabasamu akasema, "Nami nnaye mwanangu, jina lake kama lako."

Niliuona uso wako. Umeandika kwenye barua kuwa kisu kile kingali ndani, kwamba Mama alikukana mbele ya watu, kwa upole, huku akicheka. Umeandika kuwa ulirudi kila Alhamisi si kwa ajili ya Hisani bali kungoja siku atakapochoka kukuadhibu. Ukapewa kazi ya kuwapigia simu wazee kila asubuhi, ukaifanya kuliko sisi tulio hapa, na bado Mama akikutaja alikutaja kwa jina la "yule bibi wa Maskati." Hata siku ya Idi, ulipomwambia umeshona gauni kwa kitambaa alichokupa zamani, alikwambia tu kuwa mama yako ana macho ya kuchagua kitambaa.

Dada, Mama hakuwa akikuadhibu. Mama hakuwa akikujua.

Ilianza mwaka mmoja kabla ya korona. Kwanza alitia chumvi mara mbili, kisha akawa anasahau amefika rakaa ya ngapi. Siku moja alikwenda Gombani kumtazama mgonjwa, njia anayoijua tangu utoto, akaletwa nyumbani na watu. Daktari alitueleza ni maradhi ya usahaulifu, kwamba yatakuwa yanazidi, na dawa ya kuyaondoa hakuna. Mama siku hiyo akili yake ilikuwa safi kama mimi na wewe. Tulipofika nyumbani alinishika mkono, akaniapisha nisikwambie. Alisema kuwa yeye na wewe mna neno lenu halijesha, na hataki uje kwa kumwonea huruma. Angelimaliza mwenyewe, kwa kinywa chake, wakati angali anajua analolisema. Alikuwa na nia hiyo. Naapa kwa Mungu alikuwa na nia hiyo. Aliniomba nimkumbushe akupigie baada ya Mfungo, kisha akasahau kuwa aliniomba, na nilipomkumbusha akaniuliza ampigie nani.

Hapo ndipo ulipoingia kwenye mikutano. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nje ya picha, nikimnong'oneza majina. Kila ulipotokea nilimwambia, huyo ni Nihal, Mama, ni mwanao. Naye hunijibu kwa kunisamehe, kama mtu anayemsahihisha mtoto, kuwa Nihal yuko chuoni, anasoma Kurani. Kila siku alasiri alikuwa anakuwekea chakula, anakifunika kawa, anatoka mlangoni kutazama njia. "Leo kachelewa," ananiambia. Mimi niliyekuwa namlisha na kumkosha aliniita dada, akanishukuru kama unavyomshukuru jirani. Sisemi haya kukulaumu. Nilikuonea wivu, ndiyo. Ulikuwa mbali, na bado aliyekuwa akingojwa ni wewe.

Bi Mwanapili alijua. Wengine nadhani walihisi, wakamsitiri. La ajabu ni kuwa kazi ya Hisani haikumpotea. Angesahau jina la mtu, lakini akisikia mtu kafiwa, alijua nani aende, nani apike, na maneno gani asiambiwe mfiwa.

Umeuliza alivyoondoka. Homa ilimshika siku chache baada ya Alhamisi ile ya mwisho, kikafuata kifua. Hatukupimwa, sijui kama yalikuwa maradhi yenyewe au siku zake tu zimefika. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Aliniuliza, "Nihal kaja?" Nikamwambia kaja, Mama, yuko uani anatia udhu. Akasema nikwambie usimwage maji mengi. Nikamlakinia shahada, akaitamka yote. Waliomkosha ni Bi Mwanapili, na mimi, na jirani mmoja. Yeye aliyewakosha wanawake wa mji huu, wengine wote walimlilia kwenye simu. Nawe ulikuwa kwenye simu hiyo, nilikuona, sikuweza kukutazama.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijamwambia mtu ila Shehe Duni.

Alhamisi ile ya mwisho, wewe ndiye uliyesema kwa kirefu. Ulitueleza habari ya Bi Masika wa Gombani, aliyekataa kula tangu kufiwa na mumewe, na jinsi ulivyokuwa unampigia kila asubuhi, unaweka uji wako mbele ya simu naye anaweka wake, mnakunywa pamoja huku mnazungumza mpaka bakuli linakwisha. Mama alikusikiliza mkono shavuni. Kisha mtandao wa kwako ukakatika, picha yako ikapotea, ukatuma ujumbe kuwa umeshindwa kurudi. Tukafunga mkutano kwa dua.

Nilipozima simu Mama aliendelea kuitazama. Akaniambia yule bibi wa Maskati ana mkono wa kuuguza watu, na kwamba aliyemzaa kabahatika. Akaniuliza kama ameolewa. Nikamwambia ndiyo, ameolewa na Masoud, mtoto wa watu wa Pujini.

"Watu wema hao," akasema. "Mama yake karidhia?"

Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. Nikamwambia, "Hajaridhia, Mama. Alisusa harusi. Mpaka leo hasemi naye vizuri."

Alirudi kuitazama simu. Nikadhani ameshasahau tulichokuwa tunazungumza, kama kawaida yake. Kisha nikaona machozi yanamtoka. Akaniambia, "Nipeleke kwa mama yake."

Nikamwambia ni mbali, na njia zimefungwa. Akasema basi nimpelekee maneno. Akaniinamia, kama alivyokuwa akifanya alipokwenda kusuluhisha watu kwenye nyumba zao, akasema pole pole ili nisije nikayakosea: "Mwambie huyo mama kuwa mimi, Bi Khairat wa Madungu, namwombea radhi huyu mtoto. Mwambie mimi nimemridhia. Naye amridhie, asije akafa na jambo hili kifuani."

Nikamuahidi kuwa nitamfikishia. Akanishika mkono, akaniuliza tena kama nitamfikishia kweli.

Nilimuuliza Shehe Duni kama maneno hayo yanahesabiwa kuwa radhi, kwa kuwa aliyasema bila kujua anamsemea nani. Shehe alivua kofia, akaivaa. Aliniambia kuwa elimu yake haifiki huko, lakini angelikuwa yeye ndiye mtoto, angeyapokea. Mimi zaidi ya hapo sina. Nimekuwa nikijiuliza kipi kitakuuma zaidi, kuwa alikujua asikuridhie au kuwa alikuridhia asikujue, na nimeshindwa kujua. Lakini maneno nilipewa niyafikishe, na mwenye kupelekewa hayupo tena. Nimeona nikuletee wewe.

Nisalimie watoto, uwabusu kwa niaba ya mama yao mdogo. Shemeji Masoud mpe salamu zangu za heshima, na mwambie, kwa kinywa cha mkwewe, kuwa watu wa Pujini ni watu wema. Ami Hamzah anakusalimu, Hafidh anakusalimu, na Bi Mwanapili anasema njia zikitulia uje, atakupeleka kaburini yeye mwenyewe. Tuombeane dua.

Wasalaam,
Ni mimi mdogo wako,
Rawya