Koti la Baba na Vitambaa vya Kwapani

Nyumba ya Mtoni,
Skálavík, Sandoy,
Visiwa vya Faroe.
16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Hanus,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Mkeo Dorthe hajambo? Na mgongo wako unaendeleaje tangu uanze kupanda ile minara ya umeme wa upepo huko Esbjerg? Sisi huku hatujambo. Ukungu umetukalia siku ya sita leo, kondoo wamezaa vizuri, na mume wangu Eyðun analalamikia goti lakini bado anaruka uzio akidhani simwoni. Jemu ya rubabu nimeshapika mitungi ishirini. Mitatu ni yako, ukija kuichukua mwenyewe. Kwa posta situmi tena, maana ya mwaka jana ilifika imepasuka na wewe ukanicheka.

Baba anakula, analala, anakwenda kuwatazama kondoo wake. Ukimwangalia kwa mbali ni mzima kabisa. Lakini barua hii ni kwa ajili yake, na naomba uisome ukiwa umekaa. Usinitumie ujumbe wa kicheko kwenye simu kabla hujafika mwisho.

Mwanangu Rannvá anaolewa tarehe 3 Agosti, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwezi wa Aprili alimwendea babu yake kumwomba awe manju wa ngoma, kama alivyokuwa manju kwenye harusi yangu, na yako, na ya kila mtu aliyeolewa kijiji hiki kwa miaka arobaini. Baba akamwambia atafutwe mwingine.

"Mimi nitakaa kwenye kiti karibu na mlango, mjukuu wangu. Nitawaangalia."

Mtoto alirudi hapa analia. Atafutwe nani? Ule wimbo wetu wa kuchezea duara, mkono kwa mkono, una beti mia na sitini. Mwalimu wa shule anajua themanini, na hizo themanini anazisoma kwenye karatasi.

Maneno hayo ya karibu na mlango yalinikaa kichwani. Nikakumbuka kuwa hata kanisani amehamia benchi la nyuma kabisa, pale penye upepo ambapo hakuna anayekaa kwa hiari. Ngoma ya Februari, ile ya kabla ya Kwaresima, hakwenda. Alisema ana mafua, na mafua yenyewe sikuyaona.

Jibu nililikuta kwenye kibanda cha kukaushia nyama. Nilikwenda kukata paja la kondoo la Jumapili, nikaona koti la Baba la ngoma, lile la sufu nyeusi lenye vifungo vya fedha, linaning'inia katikati ya mapaja mawili. Alilipeleka huko kimyakimya ili upepo unaopenya kwenye mianya ya mbao uliondolee harufu ya jasho. Hanus, nyama yetu inavyonuka mwezi wa Aprili unaijua! Sasa koti lilikuwa na kikwapa chake cha zamani, na juu ya kikwapa uvundo wa nyama ya miezi sita. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kugeuka, Baba amesimama mlangoni, na yeye hacheki.

"Hanus alisema kweli," akaniambia. "Mimi sikuwa najua. Ukikaa peke yako, pua inazoea. Mama yenu angeniambia."

Umeshakumbuka sasa? Ni harusi ya binamu yetu, Agosti iliyopita. Ukumbi umejaa, duara limejizungusha mara mbili, joto la kuyeyusha siagi. Baba yuko kwenye ubeti wa hamsini na wewe umemshika mkono wa kulia. Ukapaza sauti kushinda vishindo vya miguu ya watu mia: "Mzee, tangu Mama aondoke unanuka kama beberu aliyenyeshewa!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Mimi nilicheka pia, na hilo linaniuma mpaka leo. Aliumaliza wimbo wote, hakuruka hata ubeti mmoja, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hajashika mkono wa mtu kwenye duara.

Najua hukukusudia. Tangu utoto mdomo wako hutangulia na wewe unafuata nyuma. Lakini siandiki ili nikugombeze, wala ili nikusamehe. Naandika kwa sababu nimeamua: Baba atakuwa manju wa harusi ya mwanangu, na atakuwa ndani ya koti lake, katikati ya watu. Kiti cha karibu na mlango nitakichoma moto kama italazimu.

Nilianza kwa ujinga, nakubali. Nilipuliza manukato ya Rannvá kwapani mwa koti, na beberu wako akawa beberu aliyetoka saluni. Baba akatoa wazo la kuligandisha. Tukalitia kwenye friza kando ya nyama ya nyangumi, siku tatu. Lilipotoka halikunuka hata kidogo, tukapongezana kama wajinga wawili. Lilipopata joto la jikoni, harufu ilirudi yote, haikupungua hata chembe. Mashati yake nayo niliyafua na ile dawa ya kulainisha nguo. Kumbe inaziba nyuzi, jasho linabaki humo ndani limefunikwa kama mtoto mchanga. Siku nyingine nikachanganya siki na soda ya kuokea kwenye beseni moja. Povu likapanda kama bia, nikafurahi, likashuka, na harufu ipo pale pale. Vile viwili vinauana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kimoja kina zamu yake.

Hapo ndipo alipoingia Mama Malla, jirani yetu. Amefikisha miaka themanini na sita, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Alisimama jikoni kwangu akaliangalia koti, akaniangalia mimi.

"Nyinyi watoto wa mashine," akasema. "Sisi sufu tulikuwa tunaifua kwa mkojo uliolala, na hakuna aliyekuwa ananuka."

"Mama Malla, mkojo hapana. Harusi hii ina wageni."

"Basi lete siki, mwoga wewe. Na hivyo vifungo ving'oe kwanza, siki itaviharibu."

Nakuandikia alivyonifundisha, na usome kwa makini kwa sababu utayahitaji. Sufu haitaki jua wala maji moto. Tuligeuza koti ndani nje, tukalitundika chini ya paa upande wa bahari, siku mbili nzima katika huu ukungu ninaoulaani kila asubuhi. Unyevu unailegeza sufu, na upepo unabeba kinachotoka. Nyama iliondoka hivyo, karibu yote. Kwapa likabaki. Kikombe kimoja cha siki kwa vinne vya maji, kitambaa safi, unagusagusa bila kusugua, unasubiri nusu saa. Kisha maji baridi na sabuni ya sufu, unakandamiza kwa kiganja. Ukilikamua, litanywea liwe nguo ya mdoli. Unaliviringisha ndani ya taulo na kulilaza mezani mpaka likauke lenyewe. Mashati ya kitani ni kazi nyingine: hayo ndiyo yanayopakwa soda iliyokorogwa na maji kidogo, saa nzima kwapani, yasuuzwe, ndipo yaloweshwe kwenye maji ya siki na kufuliwa. Na mtu akitoka kwenye ngoma asilitupe koti kabatini likiwa bichi, hata kama amechoka, hata kama amekunywa. Alitundike mahali penye hewa mpaka kesho yake. Unajua ninamsema nani.

Nilifanya yote hayo mara mbili. Bado kulikuwa na kitu. Kidogo, lakini kipo, kwa ndani, kama kimejificha. Nilikaa na koti mapajani nikasema leo ama mimi ama wewe. Nikachukua mkasi mdogo wa Mama, nikafumua bitana kwapani.

Ndani kulikuwa na vitambaa viwili, kimoja kila upande, vya pamba nene, umbo la mwezi mchanga. Vimekuwa vya njano na vigumu kama ngozi kavu. Jasho lote la Baba limekuwa likiishia humo.

Mama Malla akanishangaa. "Mama yako Elspa alikuwa anavibadilisha kila mwaka kabla ya kiangazi. Hukujua?"

Sikujua, Hanus. Nina miaka hamsini na saba, nimelala nyumba moja na yule mama miaka ishirini, na sikujua. Baba naye hakujua. Tangu tulipomzika Novemba ya mwaka juzi, vitambaa hivyo havijabadilishwa, basi. Hakuwa mchafu, Baba yetu. Alikuwa mjane.

Nililia kidogo, nikaenda kutafuta. Kwenye sanduku lake la kushonea, chini ya pindo na nyuzi, kuna lile kopo la kakao la zamani. Nilipolifungua nilikuta limejaa hivyo vitambaa, vimeshakatwa, vimeshapindwa, vimefungwa jozi jozi kwa uzi mwekundu. Jozi kumi na tatu. Unakumbuka ile miezi yake ya mwisho, alivyokaa dirishani anashona, na sisi tukauliza anashona nini, na yeye anasema "takataka tu"? Ndizo hizo takataka. Baba ana miaka themanini. Mama amemshonea mpaka atakapofika tisini na tatu.

Nikashikiza jozi mpya, nikarudisha vifungo, nikamwita Baba. Akakataa kunusa, akasema pua yake si shahidi tena. Basi nikamkabidhi Mama Malla, ambaye hajawahi kumpa mtu sifa ya bure. Akaingiza pua kwapani mwa koti mpaka kwenye miwani.

"Linanuka kondoo," akasema. "Kondoo msafi. Mlitaka linuke nini, waridi?"

Nilidhani tumeshinda. Baba akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha ukumbini, akapapasa vifungo. Nikamwambia sasa Rannvá nimpe jibu gani. Akalivua polepole.

"Koti liko sawa, mwanangu. Lakini watu walisikia. Wataninyooshea mkono kwa kunihurumia. Miaka arobaini hakuna aliyenishika mkono kwa huruma, na sitaki kuanza leo."

Siki haiwezi hilo. Mimi pia siliwezi, nimejaribu. Lakini ngoja nikueleze kilichokuwa chini kabisa ndani ya lile kopo.

Chini ya zile jozi kumi na tatu kulikuwa na nyingine tisa, kubwa zaidi. Nikadhani Mama alikosea kipimo, mgonjwa yule, macho yamechoka. Nikazipima kwenye koti la Baba, hazikai. Za Eyðun haziwezi kuwa, yeye hachezi, anakula tu. Nikakumbuka koti lako, ambalo huliacha hapa kabatini kwa sababu eti nyumba yenu haina nafasi. Nikalitoa. Na nakwambia kama dada yako: nilirudi nyuma hatua mbili. Tangu harusi ya binamu limekaa humo kama ulivyolitupa, likiwa limelowa jasho. Nikafumua bitana. Vitambaa viwili, vya njano, vigumu. Nikaweka vile vikubwa juu yake. Vilikaa sawasawa, ukingo kwa ukingo.

Kwa hiyo usiku ule, beberu alikuwa nani? Mlisimama bega kwa bega, mkono kwa mkono, makoti yote mawili hayajaguswa tangu Mama afe. Mzee alibeba harufu ya watu wawili akaenda nayo nyumbani, na wewe ukapanda ndege.

Baba sijamwambia. Hilo ni lako kumwambia, na utamwambia kwa mdomo ule ule. Koti lako sijalifua wala sitalifua. Limetundikwa pale chumbani na kikwapa chake chote, mlango nimeufunga. Utafika tarehe 27 Julai, siyo asubuhi ya harusi. Beseni litakuwa tayari, siki itakuwa tayari, na utamwita Baba, utampa koti lako anuse. Pua yake haijazoea lako. Kisha atakufundisha, maana sasa anajua kazi yote, kuanzia ukungu mpaka taulo, na ana jambo la kusema kuhusu friza. Ukilikamua atakupiga kofi la mkono, na mimi nitakuwa natazama nikiwa na kahawa.

Jozi moja nimeiweka humu ndani ya bahasha. Jifunze kuishikiza kwenye shati bovu kabla hujaja, mishono mirefu, uzi mmoja. Usimpe Dorthe. Mama alijua miaka yote kwamba nyinyi wawili mnanuka, hakumwambia mtu, alikaa dirishani akashona. Sisi tutashindwa hata kubadilisha?

Msalimie sana Dorthe na wazazi wake. Rannvá anakusalimu, na anasema ukichelewa hatakupa keki. Eyðun anakusalimu. Mama Malla hakusalimu, anasema atakusalimu akishakunusa. Baba hajui kuwa nakuandikia, lakini jana alipopita dirishani nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini, anawahesabia kondoo beti. Alifika wa hamsini akanyamaza.

Mungu akulinde huko juu ya minara, na akulete salama kwenye mkono wa kulia wa Baba.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata koti lako likiwa vile lilivyo,

Turið