Vikombe Viwili vya Semina ya Tunduma

Mama Neema,

Hamjambo huko nyumbani? Huku Tunduma ni vumbi na malori tu.

Huyu mwalimu wa semina ya kahawa ananitia shaka. Hatuandikishi kitu, anatukalisha duara kama chekechea na kutuchekesha. Nikajua tu, huyu ana dawa za mimea anauza. Leo katupa vikombe viwili vya kahawa tuonje, sisi wakulima tunaokunywa chai! Kimoja nilikitema.

"Hicho kina buni mbichi zilizochumwa pamoja na mbivu," akasema.

Yaani kama tunavyochuma sisi.

Bado simwamini. Ila ukakasi ule haujanitoka mdomoni, kwa hiyo mbichi zisiguswe. Mkumbatie Neema. Wewe nakuletea ile mbaya uionje, maana nikikueleza kwa mdomo utabisha.

Baba Neema