Baba Yenu na Antena ya Mshelisheli

Leitu na Pesamino,

Nimeenda kusuka mikeka na kina mama wa kamati. Majimbi yamo kwenye mawe ya moto ya umu, msiyafunue mpaka nirudi.

Baba yenu amenuna, msimchokoze. Asubuhi fundi alifunga kile kisanduku cha televisheni ya dijitali, picha ikatulia tuli. Baba alikuwa keshapanda mshelisheli kuzungusha antena, anapiga kelele, "Vipi sasa?" Fundi akamjibu, "Shuka tu, mzee, hiyo haitumiki tena." Miaka kumi na tisa tumeona raga kwa mikono yake! Nami nikacheka. Sikufanya vizuri.

~~Fundi akirudi mpeni hiyo antena.~~ Antena asiiguse mtu.

Jioni mkiona bado kanuna, Pesamino, chomoa waya nyuma ya kisanduku, useme picha imepotea. Baba akishafika juu ya mti, Leitu amwelekeze kama zamani: "Kushoto! Zidisha! Hapo hapo!" Ndipo urudishe waya.

Mama

Barua hii nimeikuta mezani, nimeisoma. Chomoeni baada ya sala, si kabla. Na mpige kelele majirani wasikie.

Baba