Kitabu cha Tatu Kimerudi Kutoka Msitu wa Ugalla

Kawajense, Jumamosi, Septemba 1996

Kimerudi. Kinanuka moshi na jalada linanata asali, lakini kurasa zote zipo.

Wiki nzima nimemnunia mama. Baba alipokwenda Ugalla kurina asali, mama alimfungia makaratasi ya kuwashia moshi wa kufukuzia nyuki, akachanganya na kitabu changu cha tatu cha hadithi za mizimu, kile ambacho binti anagundua kuwa jumba lenye mizimu ndilo lililomlea. Nilidhani kimeshaungua.

Hapa hakuna mwingine anayevisoma vitabu hivi. Rafiki zangu wanasema vinachosha, mama anasema ni vya kichawi. Mimi navipenda kwa sababu mizimu yake ina huzuni kama watu, na ukiiogopa unaionea huruma hapohapo.

Jioni hii baba amerudi, akashusha madumu ya asali kwenye baiskeli, akanipa kitabu bila kunitazama.

"Niliwasomea wenzangu kambini," akasema. "Mzee mmoja alilia pale jumba lilipomwachia binti mlango wazi aondoke."

"Na wewe, baba?"

"Mimi ni moshi tu uliniingia machoni."

Halafu, hata mikono hajanawa, akauliza cha nne kiko wapi.