Kisanduku Chako Kimenifanya Mwizi

Butimba, Jumapili

Kaka Projest,

Nimetoka kanisani bila kukuombea. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Naitwa mwizi wa mitaji ya watu kwa sababu yako.

Tangu tulipokuvusha Busisi kwenda kukuzika kwenu, juu ya lile daraja ulilolisubiri miaka yote huku ukitukana foleni ya kivuko, kazi zako nimeachiwa mimi. Ukurasa wa kusimamia vyumba vya baridi, nenosiri lake, simu za wachuuzi wa samaki, vyote. Wiki iliyopita mtu wa nje alizima baridi yote. Asubuhi tulipofungua milango, harufu ya sangara ilitupokea kabla hatujawasha taa. Akina mama wachuuzi wa Mabatini wakakaa chini pale pale, wakalia kama wako msibani. Meneja wetu, Bwana Masanja, akawaambia nikiwa nimesimama mbele yake: "Nenosiri analo Kabula peke yake. Mengine jazeni wenyewe."

Hakuna aliyetumia nenosiri, kaka. Nimefuatilia hatua kwa hatua mpaka nikafika kwako. Ni kile kisanduku ulichokiweka kwenye ukurasa wa kwanza, kabla mtu hajaulizwa nenosiri, ili mchuuzi aandike anwani ya picha ya mzigo wake na seva yetu iende kuichukua. Seva inakwenda popote inapotumwa. Haiulizi. Huyo mtu hakuandika anwani ya picha. Aliandika anwani ya mtambo wa baridi, na ndani yake amri ya kuzima. Mtambo unakataa wageni wote, lakini seva ni ya nyumbani. Ni sawa na kumtuma mtoto wa mwenye nyumba akachukue funguo chumbani. Mlinzi amzuie kwa lipi?

Na nilikuuliza. Hilo ndilo linalonichoma. Tulikuwa tunakula mchana, nikauliza itakuwaje kisanduku kikipewa anwani ya humu ndani. Ukaweka kijiko chini, ukawageukia wenzetu: "Mnamwona polisi wetu? Kabula, wewe siku ya ndoa utampekua bwana harusi mifuko altareni." Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Ulikuwa unajua kuchekesha, wewe mtu, na ndivyo ulivyoponea kila swali.

Alhamisi nilimweleza Bwana Masanja yote haya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha: "Marehemu hasemwi, binti. Hawezi kujitetea." Na mimi ninayepumua, nani ananitetea? Akanikataza hata kukigusa kisanduku, eti ni kazi ya marehemu, wasije watu wa kwenu wakasikia tumeibomoa na udongo haujakauka. Mlango wa mwizi ukabaki wazi kwa heshima yako. Ijumaa nilikiondoa bila ruhusa. Sasa wanasema ninafuta ushahidi.

Unaona ulikonifikisha?

Kesho kuna kikao, na wachuuzi wameitwa. Jana mkeo alinipigia, sijui nani alimwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Wifi, waachie watoto jina la baba yao." Nilitamani anitukane, ningejua la kusema. Lakini mama yangu naye yuko sokoni kila siku, na tayari kuna mtu amemwuliza kama ndiye aliyemzaa yule binti wa samaki.

Basi nakuahidi hivi. Nitasema kisanduku ni chako, mwanzo hadi mwisho. Nitasema pia ulikiweka kuwapunguzia wale akina mama safari za kuja kuonyesha mzigo, kwa sababu ni kweli. Sitakuongezea kosa hata moja. Kabla ya kikao nitapita kwa wifi, nimwambie uso kwa uso, asisikie mtaani. Akinifungia mlango, nitasemea pale nje.

Na siku ya kuweka msalaba kaburini kwako nitakuja Bukoba, hata kama ndugu zako watanikalisha nyuma kabisa bila kunisalimu.

Lala, kaka. Kesho ninakusema.

Kabula